Nilisema Masse, Kanisa Likasikia Messe

Mpendwa Shangazi Zabibu,

Naomba msaada, na naomba uisome barua hii kabla ya nyingine zote zilizo mezani kwako, kwa sababu Jumapili ijayo kanisani kwetu Jeppestown, hapa Johannesburg, kuna ubatizo na naogopa kwamba mtu atakufa, na kitakachomuua ni kitu alichokifanya mume wangu, ambaye si mtu mbaya hata chembe.

Mimi ni Mrundi, ni msusi, nafanya kazi saluni mjini na naishi Rosettenville na mume wangu Libère na binti yetu Fiona. Yote haya yalianza na draya ya saluni iliyokufa huku mteja ana rola kichwani, nikasema moyoni hapana, siwezi kuwa mtumwa wa mafundi maisha yangu yote, nikaingia kwenye simu kutafuta masomo ya bure ya elektroniki, na ya kwanza niliyoyapata yalikuwa ya Kiingereza, vijana wanaongea kama wanakimbizwa, nikakaribia kuacha, halafu nikajaribu kwa Kifaransa changu cha shule, na hapo nikampata mwalimu wangu, mzee mwenye kipara anayeanza na betri moja na taa moja na hasogei mpaka umeelewa, na tangu siku hiyo kila mapumziko ya mchana nakwenda maktaba ya mji kupakua somo kwa Wi-Fi ya bure, kisha nalisikiliza kwa spika za masikioni huku nasuka.

Shangazi, raha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilinunua kibao cha matundu cha kuchomekea vipande, rezista kadhaa na taa ndogo nyekundu, nikafuata mzee anavyosema, ikakataa kuwaka, nikaigeuza, maana ile taa ina mguu wa kuingilia umeme na mguu wa kutokea, ikawaka, na mimi nikapiga vigelegele jikoni mpaka jirani yetu Mreno akagonga ukuta. Draya nikaifufua mwenyewe. Nimemaliza masomo ya analojia, mambo ya umeme unaopanda na kushuka, sasa niko kwenye ya dijitali ambako kila kitu ni ndiyo au hapana, kuna mlango wa NA na mlango wa AU, na ule wa NA niliuelewa mara moja kwa sababu ni kama kuvuka mpaka wa nchi hii na mtoto, lazima wazazi wote wawili wawe wamesaini ndipo upite.

Shida imekuja kwa neno moja. Mashine yenye mwili wa chuma, ule mwili umeungwa na waya wa kijani na njano unaopita kwenye plagi kwenda mpaka ardhini, ili umeme ukitoroka upite huko usipite kwa mtu, na unganisho hilo mwalimu wangu analiita masse. Sasa, spika za kanisa letu zilikuwa zikivuma nguuu ibada nzima, na Libère ndiye anayeshughulikia mitambo, basi siku moja akafungua plagi ya amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, akaukata waya huo, mvumo ukakoma papo hapo, kanisa lote likasimama kumpigia makofi, na tangu siku ile wanamwita Injinia. Mume wangu ni mlinzi wa ghala, Shangazi. Tangu tufike Johannesburg hakuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina la heshima.

Lakini tangu siku hiyohiyo waimbaji wakaanza kusisimkwa midomo wakiigusa maiki. Kwetu anayepanda madhabahuni huvua viatu kwa heshima, na sakafu ni ya saruji, inapigwa deki asubuhi ya ibada, kwa hiyo aliyevua ndiye anayesisimkwa zaidi, na kiongozi wa kwaya, Mama Brigitte, Mkongo wa Uvira, akatangaza, "Mweye munaimba na viatu, ndiyo maana hamusikie kitu! Mungu eko anatugusa ku midomo!" Wote wakavua, nami nikavua, na nikalia machozi ya kweli.

Halafu nikafika kwenye somo la masse. Nilikuwa namsuka mteja, mikono ikasimama. Jumamosi nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya na mita yangu ya kupimia umeme, ambayo hulia waya ukiwa mzima, nikachomoa plagi, nikagusa mguu wa ardhi wa plagi kwa ncha moja na mwili wa amplifaya kwa ncha nyingine, na mita ambayo ilipaswa kulia haikulia, basi kwa hofu nikapiga kelele, "Hakuna masse! Jamani, hapa hakuna masse!"

Mama Brigitte akageuka. "Messe? Anasema hapa kwetu hakuna messe?" Maana Shangazi, mimi kabla ya kuolewa nilikuwa Mkatoliki, na messe ndiyo misa yetu, na kila mtu pale anajua. Mchungaji Ezéchiel akaja kwa upole akaniambia, "Mama Fiona, kama unatamani messe, kathedrali haiko mbali, hakuna mutu atakufunga kamba." Watu wakacheka. Nikamtazama Libère, ambaye peke yake mle ndani anajua masse ni nini kwa sababu nilimweleza mimi mwenyewe mezani, naye akainama kukunja nyaya.

Nyumbani akaniambia, "Nilikusikia vizuri. Ulitaka nisimame niseme nini? Kwamba Injinia amekata waya?" Kisha akasema nifute masomo yote kwenye simu, yanatuletea aibu.

Na Jumapili mchungaji ataingia mwenyewe ndani ya tangi la maji kama kawaida yake, maiki mkononi. Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele ya watu wale wale waliompigia makofi. Nikinyamaza, namzika mchungaji. Nifanyeje, Shangazi?

Mama Fiona, Rosettenville

SHANGAZI ZABIBU ANAJIBU

Mama Fiona mwanangu,

Barua yako haikungoja zamu. Niliisoma nimesimama, chai ikapoa, na namba yako nikaipiga kabla sijafika kwenye sahihi. Wasomaji wangu watanisamehe kwamba leo wanasoma majibu ya jambo lililokwisha, lakini nayachapa vilevile, maana najua hapa Joburg kuna kanisa jingine, na msikiti, na ukumbi wa harusi, ambako mtu amesifiwa kwa kukata waya huohuo.

Kwanza nirudie hapa matusi yangu ya kwenye simu, ili na wengine yawafae. Umeona kifo kimekaa ndani ya plagi, ukashika kalamu! Nyoka akiingia chumbani huandikiwa barua? Ungeifungua ile plagi ukaitia mkobani ukaenda nayo nyumbani. Amplifaya isiyo na plagi haiui mtu, hata kwaya nzima ikulaani.

Na ile lugha yako! Umekaa miezi na mzee wako mwenye kipara, umeyameza maneno yake yote, halafu unasimama mbele ya watu wanaoomba unawapigia kelele neno la karakana, tena neno ambalo likiteleza kidogo tu linakuwa misa. Mimi ni Muislamu wa Tanga, sina kwaya wala messe, lakini hata mimi ningesikia vibaya. Ungesema, "Mama Brigitte, weka chini hiyo maiki, itakuua," angeitupa mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Elimu uliyoipata kwa Kifaransa, watilie watu wako mdomoni kwa Kiswahili, ama sivyo umejifunzia simu.

Kuhusu mumeo sikukugombeza, na leo sikugombezi. Najua ilivyo kwa mwanamume aliyezoea kuitwa "wewe" getini akapata mahali pamoja anapoitwa Injinia. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, kwa sababu alikuacha uchekwe naye amesikia. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuambia usimseme kanisani na usimnyamazie nyumbani. Weka bisibisi mezani, toa zile spika za masikioni, mfungulie somo la masse asikie kwa masikio yake, kisha umwambie neno moja tu, kwamba aliyekata ndiye anayefaa kuunga. Ukasema atakasirika. Nikasema akasirike, hasira haina volti.

Na alikasirika. Ulinieleza jinsi alivyoanza kulitazama somo akiwa amesimama, mkono kiunoni, kisha akavuta kiti, kisha akaomba lirudiwe. Mzee alipofika pale pa mtu aliyeshika chuma chenye umeme huku miguu yake imelowa, Libère akashika kichwa. "Mungu wangu, mchungaji anaingia mu maji!" Hakuongea tena habari ya aibu.

Mazoezi ya Jumamosi mlikwenda wote wawili, na kabla wewe hujafungua mdomo akasimama yeye mbele ya kwaya. "Ule waya ni mimi nilikata. Mama Fiona alisema kweli, hakusema messe. Nilimusikia, nikanyamaza." Hakuna aliyecheka. Mwanamume wa namna hiyo, mwanangu, mtunze, na ile Jumamosi ya kwanza mfutie.

Akaunga waya mwenyewe, plagi ikiwa imechomolewa, wewe ukapima, mita ikalia. Mkawasha. Na mvumo ukarudi, nguuu, Mama Brigitte akarusha mikono juu: "Si munaona? Yenyewe imerudi!" Watu wakakutazama, mumeo akakutazama, na mzee wa kwenye simu hakuwepo. Ukafanya jambo ambalo ndilo elimu yenyewe: ukafuata nyaya. Ukakuta mikisa, ile ya kuchanganyia sauti, imechomekwa ukuta wa mbele, na amplifaya inakula umeme wa ekstensheni iliyotoka kwa fundi cherehani wa jirani. Njia mbili za kwenda ardhini, na katikati yake ndipo mvumo ulipozaliwa. Ukahamishia mashine zote mbili kwenye soketi moja.

Kimya. Mvumo ambao mumeo aliukatia waya, wewe umeutoa bila kukata kitu. Ulipiga vigelegele kwenye simu yangu mpaka nikaiweka mbali na sikio, nami nikakujibu kwa vyangu, na mpangaji wangu akatoka chumbani kuuliza nani ameolewa.

Lakini kuna kitu ulichonisimulia baadaye, sauti imeshuka, na hicho ndicho nilichokaa nacho. Mama Brigitte alipanda madhabahuni miguu mitupu, akaisogeza maiki mdomoni, akangoja. Hakusisimkwa. "Minasikia hakuna kitu," akasema, na uso ukamwanguka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. "Basi Mungu ametuacha?" Ulitamani ardhi ikumeze. Wewe ndiye uliyemwondolea mama yule kitu alichokiita mkono wa Mungu, na hukuwa na somo la kumrudishia. Mchungaji Ezéchiel akamwambia, "Imba kwanza, mama." Akaimba. Alianza kwa woga, kisha akafumba macho, kisha kwaya ikamfuata, na fundi cherehani akaja kusimama mlangoni na nguo ya mtu begani. Wimbo ulipokwisha Mama Brigitte akaitazama maiki, akasema, "Kumbe eko."

Jumapili mchungaji alibatiza kwa sauti yake mwenyewe, maiki iko mbali kwenye stendi, pakavu. Libère bado wanamwita Injinia, na sasa anastahili. Wewe wamekubatiza Mama Masse, na usilikatae jina hilo, kwa sababu kila mtoto atakayeuliza maana yake atajifunza jambo la kumwokoa.

Sasa sikiliza, maana ushindi hulewesha. Amplifaya ile inavujisha umeme mahali fulani, waya wa ardhi umeupa tu njia, haukuitibu. Iwekwe kando mpaka fundi mwenye cheti aifungue, nanyi muazime nyingine. Fundi huyohuyo akague nyaya za jengo lote, kwa sababu majengo yale ya zamani yana mambo yake. Mwambieni awaoneshe kwenye boksi la ukutani kile kikata-umeme ambacho mafundi wa hapa wanakiita earth leakage. Kina kitufe cha kukijaribia. Libère awe anakibonyeza, na kisipokata umeme, hakuna ibada ya umeme siku hiyo, mwimbe kwa makofi. Ekstensheni ya jirani irudishwe kwa jirani. Maiki yenye waya isikaribie tangi, hata kama masse iko, hata kama malaika ameisaini.

Masomo usifute hata moja. Endelea na hiyo dijitali yako, na mumeo akae kando yako, kwa kuwa nimesikia ameanza kuuliza habari za mlango wa AU. Na wale wanakwaya waliokucheka, wafundishe. Usiwaonyeshe kwamba walikosea. Waoneshe taa nyekundu inavyowaka, wapige vigelegele wao.

Neno la mwisho nakuambia kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Hawatakushukuru vya kutosha. Mtu akitolewa majini huku anazama, anajua aliokolewa na nani. Aliyeokolewa kabla ya ajali hajijui. Labda alikuwa mchungaji. Labda Mama Brigitte, labda msichana wa sauti ya tatu ambaye hata jina hulijui vizuri. Jumapili ile walitoka wote wana njaa, wakagombania teksi, wakaenda kwao kula. Hongera, mwanangu. Umezuia msiba, na hakuna atakayejua ulikuwa wa nani.