Ukanda wa Kumi na Saba

Hampton, Virginia
Agosti 1966

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unapopanda ngazi za kanisa. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Mwambie Baba chupa za matunda ya pichi zimefika salama.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Kile chombo cha angani kisicho na mtu sasa kinauzunguka Mwezi na kuupiga picha. Picha haiji nzima. Inakuja kanda nyembamba nyembamba za filamu, nasi makarani tunazipanga bega kwa bega juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Ukanda ukikosekana, sheria ni kuacha pengo, ili wakubwa wajue kwamba hapo hawajaona kitu.

Jumatatu mkuu wetu, Bwana Tilghman, alituamuru tufunge mapazia na midomo. Alitaka kabla ya saa sita picha ya uwanda mmoja unaotajwa sana, kwamba huenda watu wakaja kutua hapo. Earlene, jirani yangu wa meza, alinitania kwamba kwa mwendo wangu huo watu watafika Mwezini kwa miguu kabla sijamaliza.

Nilimaliza. Bwana Tilghman aliiinamia, akauliza kama ofisi imeajiri karani au fundi cherehani, maana hata mshono hauonekani. Wote wakacheka, nami nikacheka. Kesho saa tatu asubuhi wakubwa wanakaa kuchagua pa kutua, na picha yangu iko ukutani.

Mama, ukanda wa kumi na saba haumo. Siku ile ulikuwa haujapokelewa. Niliona pengo, na mikono yangu ikafanya ulivyonifundisha kwenye mablanketi ya viraka: nikavuta kingo mbili zikakutana. Leo ukanda umeletwa mezani kwangu. Katikati yake kuna jabali, na kivuli chake ni kirefu kama kidole. Niliuficha ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Earlene akauliza mbona nakikumbatia kitabu hivyo. Nikamwambia ni baridi, naye akacheka, maana ni Agosti.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu nikishakuambia, sitaweza tena kunyamaza. Kesho nitamtangulia Bwana Tilghman kazini, nimngoje, kisha niikate picha yangu mbele ya macho yake, niuweke ukanda mahali pake. Ukiniona mlangoni na sanduku langu, usiulize kitu. Nipishe tu niketi.

Nisalimie Baba na Shangazi Ozella, na uniombee, hata kama saa tatu ya kesho itakuwa imepita barua hii ikikufikia.

Mwanao, anayejifunza kuacha pengo,
Lavinia