Picha ya Bibi Mlangoni

Jumanne, 2 Agosti 1977
Nimempelekea Mama uji. Nimeurudisha umepoa. Kama jana. Tangu kaka yangu Rajabu alipopotea Kampala mwezi wa tatu, Mama hatoki chumbani. Amegeukia ukuta. Shule imefungwa, sina pa kujificha.
Kamera ya Rajabu ina filamu ndani, ameitumia nusu. Arua nzima filamu mpya haipatikani. Naogopa kuimaliza. Naogopa kuiacha.

Alhamisi, 4 Agosti
Nitakwenda Midia kwa Bibi, nipige picha ya nyumba alikozaliwa Mama. Labda atageuka atazame. Au natafuta kisingizio cha kumkimbia. Sijui.

Jumamosi, 6 Agosti. Midia
Basi hadi Koboko, kisha miguu. Filamu ikiwa kidogo, unatazama sana kabla ya kubonyeza. Majani ya tumbaku yametundikwa bandani. Mwanamke anaanika muhogo juu ya jiwe. Kona ya njia, vumbi jekundu. Tangu Machi sikuwa nimeona kitu chochote. Leo nimeona. Nilifurahi. Halafu nikaona aibu.

Jumapili, 7 Agosti
Bibi ni mkali na mimi, siku zote. Nilimzunguka kwa muda mrefu, akapiga kelele: "Wewe napiga picha kama mutu naiba kuku!" Kisha akasema Rajabu alikuja mwaka jana na kamera hii hii, akamsimamisha hapo hapo mlangoni. Sikujua. Hakuniambia.
Macho yakajaa maji. Nilibonyeza bila kuona. Picha zilizobaki nilizimalizia uwanjani.

Jumatatu, 8 Agosti. Arua
Kizuizi cha barabarani. Askari akaitoa kamera kwenye mkoba wangu.
"Hii iko ya nani?"
"Ya kaka yangu."
"Iko wapi yeye?"
"Sijui."
Mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Alinitazama kidogo, kijana tu, rika la Rajabu. Akafungua mgongo wa kamera juani, akachungulia, akafunga. Akanirudishia kwa adabu.
Sikulia. Nilitaka kumpiga.

Jumanne, 9 Agosti
Fundi picha ameipokea filamu. Mwanga umeingia, nikamweleza. "Dada, omba Mungu," akasema, akaingia gizani nayo. Kama zimeungua, nimemuua Rajabu mara ya pili. Wazo baya. Limekataa kutoka.

Ijumaa, 12 Agosti
Za mwisho zimeungua, nyeupe tupu. Nyingine zimepona. Nilizimwaga mkekani nikachanganyikiwa. Kona ile ile ya njia, mara mbili. Banda lile lile la tumbaku, mara mbili. Bibi mlangoni mara mbili: moja amenuna, moja anacheka mpaka ufizi unaonekana. Zipi zake, zipi zangu? Nilidhani ni mimi niliyeiona ile kona.
Nilimpelekea Mama zote. Halafu akageuka, akaichukua ile ya kicheko.
"Hii ya Rajabu."
"Umejuaje?"
"Bibi yako na wewe? Acheke?"
Akacheka mwenyewe. Kidogo, kama kikohozi. Kisha akalia, na mimi nikalia. Kisha akaomba chai.

Jumapili, 14 Agosti
Negativu zina namba kwa mpangilio: za kwanza za Rajabu, za baadaye zangu. Siku mbili nilikataa kuzitazama. Leo nimezitazama dirishani.
Mama amekosea. Bibi aliyenuna ni wa Rajabu. Anayecheka ni wangu. Alikuwa bado anacheka neno lake mwenyewe la kuku, na mimi nilisikia karipio tu.
Sikumwambia Mama. Si uongo, sidhani. Picha ameiegemeza ukutani, pale alipokuwa akitazama patupu.
Asubuhi ametoka nje, amefagia uwanja. Anataka kwenda Midia kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Tunaondoka kesho. Rajabu bado hayupo. Kamera haina filamu. Nitaibeba.