Shiraa Haina wa Kuishika

Kwako Bi Saadiya, wewe unayewajibu watu katika gazeti hili,

Salamu nyingi, na baada ya salamu uniwie radhi, kwa kuwa sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua, lakini nimekwama na kwetu hakuna wa kumwambia, mama nikimwambia analia na baba nikimwambia anavaa kilemba chake na kutoka, kwa hiyo nakuandikia wewe uliye Mombasa ambaye hutauona uso wangu, na naomba sana usinicheke.

Mimi ni binti wa mtaa wa Mkomani, hapa Amu, ambayo huko kwenu mnaiita Lamu, nyumba yetu ni ya mawe kama nyumba za jamaa zetu wote, na tangu nilipobaleghe sijapita njiani ila ndani ya shiraa. Kwa wasiojua huko kwenu, shiraa ni kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa miti, mfano wa hema, wajakazi huishika miti hiyo na bibi hutembea katikati asionekane hata kidole, ndivyo nana yangu alivyotembea, ndivyo mama yangu alivyotembea, na ndivyo nilivyokuwa nikipelekwa kwa huyo nana, yaani mama wa mama yangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya msikiti na ana chuo cha wasichana wanaosoma Kurani, na mimi nilikuwa nikiketi karibu naye kwenye mkeka nikiwasikiliza wadogo na kuwasahihisha, na tangu hapo, Bi Saadiya, sikutaka kitu kingine duniani, wenzangu wakizungumza harusi mimi nilikuwa nikiuwaza mkeka ule, kwa sababu nana alikuwa akiniambia mbele ya watu wote, "Mimi nikiondoka hapano, ni weye utakayeketi."

Aliyekuwa akiushika mti wa mbele wa shiraa yangu ni msichana wa hirimu yangu ambaye nitamwita Barka, ingawa silo jina lake. Mama yake alikuwa mjakazi wetu, tukakua pamoja, tulipokuwa wadogo tulilala mkeka mmoja, na nilipokuwa nikisoma kwa nana yeye na wenzake walikuwa wakiningoja nje dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na miti yao mpaka nimalize, kisha tukirudi tulipanda darini mimi na yeye nikamwambia yote ninayoyaota, kwamba mimi nitakuwa mwalimu na yeye atanichukulia msahafu na kuwafungulia wanafunzi mlango, na yeye alikuwa akicheka tu, ila siku moja alisema kwamba yeye anataka nyumba ya makuti yenye mlango ambao ataufunga mwenyewe kwa ndani, nikacheka mimi, nikamwambia nyumba ya makuti ya nini na hii ya mawe ipo.

Basi sirikali ikatangaza kwamba hakuna tena mtumwa katika nchi hii, na wale wa kwetu wakaondoka mmoja mmoja, hata yule tuliyedhani hana pa kwenda, na Barka alikaa nasi mpaka mama yake alipofariki, kisha akaolewa na Mselem mchoma chokaa wakaenda kuishi mtaa wa Langoni, kwenye nyumba ya makuti. Shiraa yetu ikakunjwa ikasimamishwa nyuma ya mlango na miti yake, na tangu siku hiyo mimi na mama hatujatoka. Tunalo wikio, lile daraja la juu linalovuka ujia, lakini linanifikisha kwa ami yangu tu, na hapo ndipo dunia yangu inapokwisha. Mwanzo nilikuwa nikisimama kwenye wikio asubuhi nikisikia sauti za wasichana wa nana wakisoma, nikisoma nao polepole, nikijiambia kwamba mambo yatatengenea, baba atapata watu, nitavuka, nitaketi mkekani, na kwa tumaini hilo niliweza kula na kulala na kuchana nywele zangu.

Baba alitafuta watu kweli, usimlaumu, alikwenda mwenyewe kuwaomba waungwana maskini na wale walioachwa huru, akawaahidi ijara ya kazi, lakini wote walikataa, wakamwambia mti ule hawaushiki tena kwa ijara wala kwa hisani, na mmoja alimcheka usoni. Nilimwomba nivae buibui kama wanavyovaa wanawake sasa, akasema, "Buibui huvaa kila mtu. Ukipita ndiani na buibui, nani atakayeyuwa kuwa weye ni binti wa nani?" na nakwambia ukweli, Bi Saadiya, hata mimi niliogopa hilo hilo.

Barka hakututupa. Alikuwa akija Ijumaa baada ya sala, ananiletea habari za mji na habari za nana, kwamba macho yake yanazidi kufifia, kwamba wasichana wanapungua, na mwisho akaja akaniambia nana hali chakula tena, amelazwa chumba cha ndani, naye anasema, "Mwiteni aye nimpe msahafu." Barka alikuwa na kifurushi mkononi, akakifungua, ndani mna buibui mpya, akaniambia, "Vaa twende. Mimi mbele, weye nyuma. Hapana mtu atakayekuyuwa." Nami sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi, Bi Saadiya, niliitazama shiraa nyuma ya mlango, nikasema, "Barka, nishikie mti. Mara hii tu. Umwite na wifi yako ashike wa nyuma. Kwa mapenzi yetu, Barka."

Aliitazama ile miti, akaifuta mikono yake kwenye leso kana kwamba ina kitu, akaikunja buibui vizuri akaiweka kwenye kiti, akaenda zake. Alipofika mlangoni alisema kwaheri na akataja jina langu, jina tupu, bila ile Mwana ya heshima aliyokuwa akiitanguliza tangu tulipokuwa watoto. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala iliyofuata, nami kila nikisikia mtu dakani nakimbilia mlangoni, kumbe si yeye.

Sasa nikisimama kwenye wikio sisikii mtu anayesoma. Mke wa ami yangu anasema nana bado ananiita. Mimi nimechoka, Bi Saadiya, asubuhi nikiamka nauliza nimeamkia nini, niliambiwa nisubiri nikasubiri, niliambiwa nitumaini nikatumaini, na wale niliokuwa nikiwasahihisha wana watoto wao na mimi bado ni yule yule wa darini, isipokuwa sioti tena kitu. Baba ameniahidi kwamba akipatikana wa kushika ataniruhusu niende. Ndiyo maana nakuuliza, nimwambie nini Barka ili arudi anishikie mti japo mara moja? Na kama hatarudi, basi niambie waziwazi kwamba yamekwisha ili niache kungoja.

Ni mimi niliyefungika,
Mkomani, Amu.

---

Mwanangu uliyefungika,

Barua yako niliisoma nikasikitika, nikaisoma tena nikakasirika. Pokea vyote viwili, maana vyote ni vyako.

Sikukucheka. Msichana anayetaka mkeka na watoto wa kuwafundisha hana la kuonewa haya. Hiyo ni ndoto nzuri, na waliokuambia usubiri walikuahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao. Nimekuona umesimama kwenye wikio unasoma peke yako na watu wasiokusikia, na chakula changu cha mchana kikapoa. Hilo nimelisema, sasa nisikilize.

Unaniuliza umwambie nini Barka arudi kushika mti. Swali hilo sitakujibu, na kama ningekuwa karibu ningekufinya. Mji mzima umemwambia baba yako hapana. Maskini asiye na chakula amemwambia hapana. Wewe ukadhani Barka atasema ndiyo, kwa nini? Kwa sababu anakupenda. Yaani wengine waliombwa kwa ijara, na yeye umemwomba kwa mapenzi yake mwenyewe, ukayatia mapenzi hayo kamba. Yule mwanamke ametoka Langoni na nguo mkononi kuja kukutoa nje, wewe ukamwambia arudi ndani. Ulitarajia akujibu nini?

Tena nakuambia jambo ambalo umeliandika mwenyewe bila ya kuliona. Wasichana wawili walikuwa wakiota darini. Ndoto yako umenijazia nusu ya barua, na ndani yake Barka amepewa kazi ya kufungua mlango. Ndoto yake yeye umeipa mstari mmoja, na ulipoisikia ulicheka. Tazama ni ipi iliyotimia. Mwenzako hakupewa nyumba ya mawe wala nana wa kumwahidi kitu. Aliondoka kwa miguu yake.

Kuna na la pili, nalo limeniuma zaidi. Unasema mama yako analia. Mwanangu, anayekufa ng'ambo ya msikiti ni mama yake! Wewe unakosa mwalimu, yeye anamkosa aliyemzaa, naye amekaa ukumbini anawasubiri watu wa kushika miti ambao hawapo tena katika nchi hii na hawatakuwapo. Nyumba yenu imewafungia wanawake wawili kwa ajili ya nguo moja. Baba yako simtukani, aliyekwenda kuomba na kuchekwa usoni ameshapata adhabu yake. Lakini anauliza nani atajua kwamba wewe ni binti wa nani. Mjibu kwa adabu, ukiwa umeinamisha kichwa: Mungu anajua, na nana anajua, na wengine njiani hawana haja ya kujua. Akivaa kilemba chake akatoka, mwache atoke. Mwambie ami yako aseme naye, maana kumzuru mgonjwa na kuunga udugu ni amri iliyotangulia shiraa.

Sasa fanya ninayokuambia, wala usiniandikie tena kuniuliza kama ni lazima.

Chukua makasi. Ile buibui aliyokuletea Barka avae mama yako. Wewe kata kitambaa cha shiraa ujishonee yako, kipo kingi, kinatosha na kubaki. Usiniambie rangi yake haifai, nguo ya kusitiri haiulizwi rangi. Miti mpe yeyote anayetaka kuni. Mkiisha kuvaa, shukeni mchana kweupe, mama mbele na wewe nyuma, mpite dakani, mvuke ujia mwende kwa nana.

Na sitaki kukudanganya, kwa kuwa umeomba uambiwe waziwazi. Gazeti hili linakuja kwenu kwa meli ya stima, na stima haina haraka na mgonjwa wa mtu. Huenda unayasoma haya na nana yako ameshasaliwa na kuzikwa. Ikiwa hivyo, utakwenda vilevile, utaukalia ule mkeka wake na kumlilia, na hakuna neno langu litakalokupunguzia kilio hicho. Na akiwa hai, huenda asikujue. Wasichana wametawanyika, wengine mama zao wamekwisha kuwatafutia mwalimu mwingine. Kile chuo ulichokuwa ukikiota, chenye nana pembeni na Barka mlangoni, kimekwisha, mwanangu. Umetaka nikuambie uache kukingoja. Basi acha.

Lakini kwa ami yako kuna watoto, sivyo? Na wikio linafika huko, wala halikuwahi kutaka mtu wa kushika mti. Miaka yote hii ulikuwa unaweza kuvuka ukamketisha mmoja wao ukamfundisha alifu, ukawa unatazama ng'ambo tu. Anza na huyo mmoja. Siahidi kwamba watakuja wawili.

Kwenda kwa nana ni wajibu wako. Kwenda Langoni ni deni lako, na huko utakwenda peke yako, bila mama, bila kifurushi cha zawadi na bila maneno uliyoyapanga. Uliza nyumba ya Mselem mchoma chokaa, utaonyeshwa. Piga hodi. Ukiulizwa ni nani, usitaje jina la baba yako, taja lako, tupu kama alivyolitaja yeye alipokuaga. Usimwambie arudi kwenu. Mwambie ulikosea, kisha nyamaza.

Mlango ule ni wake, anaufunga mwenyewe kwa ndani kama alivyotaka. Ana haki ya kuufungua na ana haki ya kutoufungua. Asipoufungua, usigonge mara ya pili wala usilie kwa sauti majirani wakatoka. Kaa chini hapo nje, umngoje, kama alivyokungoja yeye dakani kwa nana na mti mkononi, wewe ukiwa ndani unasoma.