Aksanti Kabla ya Kuuliza

Papa,

Bado wanasema "Kata" katika ateliye yako, karakana ile ya shule. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza habari za Mama. Mama ni mzima. Bado anakulaumu kwa kuondoka kabla hujamaliza paa la jiko.

Mengi yamebadilika tangu tukuzike. Prefe mpya, mkuu wa shule, amepaka ukuta rangi na kuandikisha sheria za usalama kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa kama za kanisani. Wewe sheria yako ilikuwa moja, nawe hukuiandika popote: mwanafunzi yeyote, hata aliyeingia jana, akiona hatari na kusema "Kata", mashine inazimwa. Mwenye mashine anajibu "Aksanti" kwanza, ndipo anauliza kulikuwa na nini. Na kama aliyekata amekosea, hakuna kumcheka. "Mwenye kucheka akuye hapa mbele, atuonyeshe vidole yake." Nilikuwa binti yako na mwanafunzi wako, na mimi pia uliniita mbele.

Najua ilitoka wapi. Kiwandani ulikofanya kazi ujanani, fundi mmoja alinaswa mkono na mashine. Wanagenzi walikuwa wameona mkono wa shati lake ukining'inia. Walinyamaza, kwa sababu mdogo hamkatizi mkubwa. Kila ulipofika hapo ulisita, ukajifanya unatafuta miwani.

Tangu nilipokabidhiwa ufunguo wa ateliye yako, nimesoma vitabu vingi kuhusu nidhamu ya shule, na ninagombana na karibu vyote. Vinataka mtoto anyamaze, basi. Katika mji huu wa viwanda, ambako tumezoea kuwasalimu wazee wenye vidole pungufu bila hata kuangalia chini, bado kuna watu wenye diploma wanaofundisha kunyamaza na kuuita heshima. Nimewaambia usoni. Hawanialiki tena chai.

Sasa sikiliza. Siku ya mtihani wa vitendo, mkaguzi alikuja. Prefe alikuwa amewavalisha wanafunzi salopeti mpya, ovaroli za kazi zenye utepe mweupe mikononi, unaong'aa kama wa watu wa migodi. Dieudo, yule mrefu uliyekuwa ukimwambia apige magoti ili muonane, alikuwa kwenye mashine ya kukereza chuma, karibu amalize kipande chake cha mtihani. Mireille, mwenzake wa darasa, alisimama kando akisubiri zamu. Akaona kitu cheupe kwenye mkono wa Dieudo, karibu kabisa na chuma kinachozunguka. Akapaza sauti: "Kata." Na akabonyeza kitufe chekundu yeye mwenyewe.

Ncha ya kisu cha mashine ikavunjikia ndani ya chuma. Kazi yote ikaharibika mbele ya mkaguzi. Na mkono wa salopeti ulikuwa umefungwa vizuri. Mireille alikuwa ameona utepe tu.

Dieudo alikitazama kipande chake. Kisha akasema, "Aksanti, Mireille."

Papa, nilitamani uwepo. Hapana, nisiseme uongo: nilikukasirikia kwa kutokuwepo. Nililazimika kugeuka na kupangua tupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mchana uleule Prefe aliita walimu, mkaguzi naye akiwepo. Alitaka Mireille arudishwe nyumbani bila kufanya mtihani, kwa kuwa ameiaibisha shule na hatari yenyewe haikuwepo. Nikasimama. Unajua ninavyosimama. Nikamwambia kwamba anayesubiri kuwa na hakika ataupata mkono ukiwa umeshakwenda. Nikamwambia kwamba tukimwadhibu huyu kwa kukosea, mwaka ujao atatokea mwingine atakayeona kweli, naye atafunga kinywa. Akajibu, "Madame Georgette, weye uko na makelele sawa vile baba yako." Nikamshukuru.

Lakini sikumshinda. Ninakiri kwa shida. Aliyemshinda ni Dieudo, aliyegonga mlango na kuingia bila kuitwa, kile kipande mkononi. "Monsieur Prefe, kazi yenye iliharibika ni yangu. Kesho akiona tena kitu, akate tena. Chuma tutapata ingine. Vidole, miye niko na hii tu."

Mkaguzi, aliyekuwa tayari na mkoba wake kwapani, akauliza kama tuna chuma kingine. Tulikuwa nacho. Dieudo akaanza upya, na Mireille akasimama palepale kando yake, macho kwenye mikono yake. Kisha zamu ikawa ya Mireille. Wamefaulu wote wawili. Nami nimeona Prefe akiwaagiza wanafunzi wafumue ule utepe, bila kumtazama mtu.

Siku hizi Mireille anakuja kunisaidia na wale wa mwaka wa kwanza. Wanasema "Kata" kwa sauti ndogo, kama wanaomba radhi. Anawarudisha mlangoni waanze tena. "Musiombe ruhusa. Museme."

Uliacha watu, Papa. Wengine huacha nyumba. Ninatembea Likasi kichwa juu kwa sababu hiyo, na wanaosema nina kiburi hawajakosea.

Lala vizuri. Nami ninakuahidi: siku nitakapoanza kuchukia kukatizwa na watoto, nitarudisha ufunguo wa ateliye mwenyewe, bila kungoja kuambiwa. Na unanijua, sirudishi kitu kirahisi.

Binti yako,
Georgette