Hali ya Nani Ngumu Zaidi

Jumatatu, 3 Machi 2003
Nimeanza! Darasa la Kiingereza la Mwalimu Herieli, ukumbi wa parokia, saa kumi hadi kumi na moja na nusu jioni. Tuko tisa. Tangu tuwe mkoa kila mtu anasikia harufu ya ajira – ofisi mpya, vibao vipya, wageni wamepanga nyumba zote hapa Nangara. Mimi nataka ile nafasi ya mapokezi, mradi wa maji. Usaili tarehe 24, kwa Kiingereza.
Mama Hamdani mwenye duka amekubali kukaa na mama. Kasema, muda wa saa moja na nusu tu, Otilia, duka langu limefungwa! Nimerudi nimemkuta mama kalalia upande uleule niliomwacha. Mama Hamdani hawezi kumgeuza peke yake. Ubavu umeanza kuwa mwekundu. Nimempaka mafuta.
Miezi saba sasa tangu kiharusi. Maneno yake yamebaki machache. Lakini anasikia kila kitu.

Jumatano, 5 Machi
Kanisani kupakwa majivu asubuhi, darasa jioni. Leo kulinganisha. Mwalimu kasema hataki tembo na mbuzi, tembo na mbuzi tumewamaliza shule ya msingi. Tuandike hali za watu tunaowajua, nani ana nafuu kuliko nani, maana kwenye usaili mtaulizwa habari za watu.
Nikaandika kaka ni tajiri kuliko mimi, dada ana bahati kuliko mimi: "My brother is richer than me. My sister is luckier than me." Akaweka vema mbili. Ya tatu nikaandika jirani yangu yuko huru kuliko mimi: "more free". Akakata. Neno fupi linaongezwa mkia – "freer". Njia nzima nimekuja nalisema. Freer, freer. Gumu mdomoni.
Alois, fundi redio, alisoma yake kwa sauti, mkewe anaumwa zaidi kuliko jana: "My wife is more sick than yesterday." Mwalimu akasema, sicker. Halafu akafuta ubao ambao ulikuwa hauna kitu.

Jumanne, 11 Machi
Sijaenda darasani mara mbili. Mvua. Shuka hazikauki, nimezitundika ndani, nyumba nzima inanuka sabuni na mkojo. Mama ana homa. Mama Hamdani ana wageni.
Sina cha kuandika.

Alhamisi, 13 Machi
Kaka Rogath kapiga simu dukani kwa Mama Hamdani. Wanakuja Jumamosi, yeye kutoka Arusha na dada Scholastica kutoka Kateshi. Kikao kuhusu mama. Hatimaye! Nitawaambia moja tu: mmoja amchukue mama, au tutafute mtu wa kunisaidia. Siombi zaidi.
Nimefagia mpaka nyuma ya kabati.

Jumamosi, 15 Machi
Wameondoka.
Walikula kwanza. Kaka akafungua kikao kwa sala. Nikasema yangu. Halafu kila mtu akaanza kueleza hali yake, kama tuko darasani.
Kaka: ana bosi mpya mkali kuliko yule wa zamani, nyumba vyumba viwili, watoto wanne, wifi anaumwa mgongo. Dada: mapacha bado wananyonya, na mama mkwe yumo humohumo ndani. Kaka akasema afadhali mama mkwe anatembea. Dada akasema afadhali wewe una mshahara. Walishindana! Nani ana hali ngumu zaidi. Mimi nikakaa natazama huku na huku.
Mwishoni wote wakanigeukia.
"Otilia, mdogo wangu," kaka akasema, "hatusemi huna shida. Ila zako ni nyepesi. Huna mume, huna mtoto, huna bosi."
"Sina kwa sababu niko hapa!"
"Punguza sauti, mama atasikia," dada akasema.
Atasikia! Pazia tu ndilo lililomtenga na sisi. Alisikia kila mtu anavyomkwepa. Hakuna aliyekwenda kumuuliza yeye anataka nini. Hata mimi.
Uamuzi: niendelee kukaa na mama mpaka hali zao zitakapokuwa nzuri. Kaka akafunga kwa sala. Wameacha sukari na sabuni mche mmoja.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Nimejaribu kufanya mazoezi ya mwalimu, sentensi kumi. Nimeandika moja tu.
"When my mother dies, I will be freer."
Nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa Kiswahili: mama akifa, nitakuwa huru zaidi. Sarufi sahihi. Mwalimu angeweka vema.
Nimechana ukurasa ule wa daftari la darasani nikautia jikoni kwenye mkaa. Kisha nikaenda kumlisha uji. Sikuweza kumtazama usoni. Yeye ananitazama tu, uji unamtoka pembeni ya mdomo, namfuta.

Jumatano, 19 Machi
Nimekwenda darasani. Mwalimu kauliza sentensi kumi ziko wapi. Nikasema nimeuguza. Hakunigombeza. Alinibakiza dakika tano akaniuliza maswali kama msaili, nikajibu yote! Kasema, utapata hiyo kazi, binti, usichelewe tu. Saa tatu kamili mlango unafungwa.
Ila Mama Hamdani Jumatatu hayupo, anakwenda Arusha kuchukua mzigo wa duka. Nikampigia dada. Nikamwomba siku moja, moja tu. Kaguna. Baadaye kasema sawa, nitakuja Jumapili na basi la mchana. Kaahidi!

Jumapili, 23 Machi
Basi la mchana – hayumo. La saa kumi – hayumo. Nimesimama stendi mpaka aibu, mama peke yake nyumbani.
Nikapiga simu. Pacha mmoja ana homa. Nikasema dada, uliahidi. Kasema homa ya mtoto mchanga ni mbaya zaidi, Otilia, utaelewa siku ukizaa.
Nimenyoosha sketi ya usaili hivyohivyo.

Jumatatu, 24 Machi
Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Nimemwogesha, nimembadilisha, kanywa uji nusu kikombe. Nimevaa. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote – kazi, usaili, dada hakuja. Akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima. Kwa nguvu. Nikadhani ananizuia.
Akasema, "Nenda."
Wazi kabisa. Sijasikia neno wazi hivyo tangu Agosti.
Nikasema mama, ni saa nne nzima, ukipaliwa nani atakusikia?
"Nenda. Funga."

Saa mbili na dakika arobaini. Naandika nimesimama, daftari juu ya pipa la maji, nje ya mlango. Mpaka ofisini ni dakika kumi na tano kwa miguu, na mvua imeanza. Nikifunga kufuli, hakuna wa kuingia akizidiwa. Nikiacha wazi, mtu yeyote ataingia. Nimefunga. Nimefungua.
Dakika arobaini na mbili. Alikuwa anakohoa tangu alfajiri. Sasa kimya. Nimeweka sikio mlangoni – anajibana. Namsikia anavyojibana asikohoe, ili mimi niende.