Ng'ombe wa Matanga ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Mama ametutoka. Ndugu yangu Levi alinipigia nikiwa kazini buchari, hapa Kitale. Nilianza dua nikaikatiza — hata kumwombea mamangu Mkristo siku hizi naogopa. Ati maalim mpya wa msikiti wetu anasema haifai! Na mama alishaagiza: ng'ombe wake nichinje mimi, ili watu wa kanisa na wa msikiti wale sufuria moja. Tangu nisilimu nimechinjia watu matanga kwetu Ndalu yote mpaka Tongaren. Kwa mama nishindwe?

Jumatano, 6 Agosti

Maalim ameniita baada ya adhuhuri. Kufariji ruhusa, kuzika ruhusa. Lakini kisu! Matanga yao ni ibada yao, amesema. Mzee Sudi, aliyenisilimisha, akamjibu polepole kwamba wema kwa mzazi haukatwi na dini. Kila mmoja na aya yake. Mimi mama ni mmoja tu. Mwishowe maalim amelegeza: nichinje, ila juu ya ng'ombe lisitajwe jina lolote isipokuwa la Mungu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika Ndalu, kwa mama. Nimemweleza Levi hayo masharti. Hakuna shida, bana, amesema, si tumezoea? Nimenoa kisu. Nimelia kidogo nyuma ya ghala la mahindi. Nafuu.

Jumamosi, 9 Agosti

Yarabi! Levi alitaka kuniheshimu tu. Amemwita pasta Wabwile amwekee ng'ombe mkono, amwombee kwa jina la Yesu — ati baraka zije pande zote mbili! Na maalim alikuwa ashafika na waumini. Amesikia kila neno. Ng'ombe huyo sasa ni wa jina lingine, amesema, hawamli, na mimi nisimguse. Mzee Sudi anasema kinachohesabika ni jina linalotajwa kisu kikishuka. Wanabishana mbele ya jeneza!

Levi amenishika shati.

"Ukikataa hii ng'ombe, umekataa mama. Na usikuje tena hapa."

Nimeingia jikoni kwa mama, ati natafuta maji. Naandika nimeegemea sufuria zake, kisu kiko mapajani. Mlango ni mmoja. Nimewachukia wote, na wote ni wangu. Ng'ombe ashalazwa, namsikia akihema.

Levi anaita Hesbon. Maalim anaita Hashim. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akiniita kwa majina yote mawili, kutoka hapa hapa jikoni: Hesbon Hashim, kuja ukule —