Pasipoti Mbili za Shangazi Hamisa

Mhina, unanijua. Mkono wangu haujawahi kuingia kwenye mkoba wa mtu.

Sasa sikia. Shangazi Hamisa, yule wa Ujerumani, yuko hapa Bungu tangu juzi, kaja kwenye mgawo wa shamba la marehemu babu. Mkoba haumtoki kwapani. Chooni anao, kukata ndizi anao. Nikasema huyu ana jambo.

Leo kaenda kuoga, kausahau kitandani.

Pasipoti mbili, mwanangu. MBILI. Ya bluu yetu, nyekundu ya Kijerumani. Sura ile ile.

Na jana baba kamuuliza mbele yangu, "Dada, hujachukua uraia wa huko?" Kajibu, "Wa nini? Mimi Msambaa." Huku anamenya ndizi.

Ukichukua uraia wa nje, wetu umekufa, na raia wa nje hapewi ardhi, unajua. Mtendaji wa kijiji akigundua, fungu lake limeota mbawa.

Nikazipanga nikupigie picha.

"Hashim." Yuko mlangoni, maji yanamchuruzika. "Ukimaliza kusoma, nipe ya bluu, mtendaji kashafika. Nyekundu ushaiona, basi kaa nayo wewe."

Ninayo mfukoni hapa, Mhina. Mtendaji kaniambia nisogee, akae kando yangu.